Askari wa Farasi

Kule Nakuru nilikuwa askari wa supamaketi, kazi yangu kufungua lango na kupekua mikoba. Miaka ile vijana tulipomiminika Saudia, nikapata kulinda nyumba moja Riyadh. Siku ya kwanza baba mzazi wa bosi akaniuliza kwetu nilikuwa nani. Nikajibu kifua mbele: "Askari."

Sikujua kwamba kwa Waarabu askari ni mwanajeshi. Mzee akainuka kitini, akanipigia saluti. Yeye alikuwa ametumikia kikosi cha farasi cha sherehe. "Faras?" akauliza. Nami, kwa raha ya kusikia neno la kwetu, nikaitikia, "Naam, farasi!"

Tangu hapo kila asubuhi alinikagua vifungo, kisha akanisimulia kikosi chake kwa Kiarabu cha polepole na ishara za mikono. Zamani farasi walikwenda vitani. Magari yalipokuja, wakabakizwa kupokea wageni, wakachanwa manyoya na kufundishwa kutoshtuka ngoma zikipigwa. Mzee aliwaiga, akitembea uani kwa madaha huku akikoroma puani, nami nikacheka hadi machozi.

Siku moja bosi alitusikia, akamweleza baba yake kwamba askari wa Kenya ni bawabu tu. Bawabu tu! Nilitamani kummeza mzimamzima.

Mzee alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Hata sisi," akasema, "mwishowe tulivaa vizuri tukasimama langoni."

Kisha akanigeukia kwa ukali: "Askari! Vifungo!"