Tochi Isiyozimika Ghafla

Goti la fundi redio wa mtaa wa Mlandege halitulii. Hata akiinamia tochi ndogo ya Amne, goti linagonga meza, skurubu zinarukaruka ndani ya kifuniko cha chupa, na mkono usioshika bisibisi unatafuta kitu kingine cha kufungua. Amne kaleta tochi ya mama yake ibadilishwe swichi tu. Sasa iko vipande vipande.

"Bi mkubwa huizima akiwa wapi?" fundi anauliza bila kuinua kichwa.

"Mlangoni, akirudi chooni. Anabania betri. Nshamwambia mpaka nshachoka."

"Na kitanda kiko mbali?"

Amne anaokota skurubu iliyoanguka chini. Hajamwambia mtu kwamba Ijumaa mama kaanguka pale pale, baina ya mlango na kitanda, kwenye kiza.

Fundi anachomoa kidude kwenye redio mbovu, kile kinachoweka akiba ya umeme kidogo, anakilehemu kando ya balbu, anapuliza, anasonya, anafungua tena, mpaka tochi inarudi kuwa nzima. Amne anataka kumwambia basi, yatosha. Mara fundi anainuka, anafunga mlango wa duka, anaiwasha tochi na kuizima. Mwanga haufi; unanywea polepole. Naye anatembea ndani yake kwa hatua fupi za kikongwe, kiganja kikipapasa ukuta, mpaka kwenye kiti cha wateja. Anaketi. Kiza kinamkuta keshakaa, na goti lake limetulia tuli.