Kitufe cha Kupiga Simu

Nabuni skrini za simu. Nikisema hivyo kwetu Usenge, watu hufikiri natengeneza simu zilizopasuka, na siku hizi sibishi. Kazi yenyewe ni kuamua kidole cha mtu kitagusa wapi, na kabla ya kugusa atatakiwa kufanya nini. Ukiamua hayo umeshaamua binadamu ni kiumbe wa aina gani, upende usipende. Falsafa huingia ofisini hata kama hakuna aliyeikaribisha.

Ofisi yetu ya Kisumu ilipewa kazi ya kuunda app ya kuuzia omena, wale dagaa wa ziwani. Wauzaji wa Usenge waonyeshe mzigo walio nao, wanunuzi wa mjini waagize, basi. Mama yangu ni mmoja wa wauzaji hao, kwa hiyo biashara hiyo naijua tangu nikibebwa mgongoni. Alikuwa na mteja wake wa miaka mingi, mama mmoja wa mtaa wa Obunga, hapa Kisumu. Kila mzigo ukikauka walipigiana simu. Waliulizana watoto, magoti, mvua, mambo ya kwaya, na bei ilijitokeza karibu na mwisho, kama mgeni aliyeona haya kubisha hodi.

Bosi wangu alikuwa na nadharia aliyoishika kama dini: binadamu anataka kufika haraka, na chochote kinachomchelewesha ni kosa la mbunifu. Mimi nilimwambia mtu si kidole tu kinachotafuta mahali pa kubonyeza. Mtu ni watu wake, na chombo kinachomtenga nao kimemkosea hata kiwe chepesi namna gani. Niliomba kitufe cha kupiga simu kikae juu ya kile cha kuagiza.

Akacheka. "Wewe unataka kuuza omena au kuhubiri?"

Nilibishana sana, nikashindwa. Mkono mtupu haulambwi, nikachora walivyotaka, kitufe cha kuagiza peke yake.

Na app ikafanya kazi, hilo ndilo linaloniuma. Ingeharibika ningefurahi. Mama aliisifu kwa majirani, eti mwanawe kampunguzia maneno. Oda za Obunga zilikuja bila kukosa, yeye akabonyeza, mzigo ukaenda bila simu hata moja.

Juzi Mama alikuja Kisumu kliniki, akaona ampitie rafiki yake. Aliyefungua mlango ni binti wa yule mama. Akamwambia kwamba mama yake alishazikwa, tena kabla ya mvua za mwaka huu. Simu ya biashara anaishika yeye sasa, na alidhani habari zilifika Usenge. Kwetu unaweza kukosa harusi ya rafiki, ukasamehewa. Mazishi yake hukosi.

Mama alinipigia jioni hiyo. Hakunilaumu, na laiti angenilaumu.

"Nyathina," akaniita kwa Kijaluo, "mwanangu, mle ndani hakuna mahali pa kusema mtu amekufa?"

Nikamwambia hapana, hakuna. Nilitamani kumweleza nilivyobishana na bosi, nikaona ingemsaidia nini.

Kisha akanisimulia alichoambiwa na yule binti. Siku za matanga, waombolezaji walilishwa omena ya Mama mwenyewe. Oda hiyo Mama aliikumbuka vizuri. Ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na ilipoingia alimshukuru Mungu, akashinda siku nzima akiimba.