Nilivyokwenda Johannesburg Kumlisha Mwami

Niliondoka Uvira, mashariki mwa Kongo, kwa sababu ya mashamba. Mdogo wake mfalme wetu, Mwami, alitaka kuwauzia wageni kilima chetu, sisi wajane tunakolima. Kwetu, Mwami akila chakula ulichompelekea mbele ya mashahidi, ombi lako limekubaliwa na hakuna wa kulitengua. Lakini Mwami alikimbia vita, anaishi Johannesburg. Wenzangu wakanifungia maharage, nikapanda basi.

Siku sita njiani sikupata usingizi wa maana. Kwenye kila mpaka tuliposimama, niliwaza trekta limeshaingia shambani.

Jumanne nilifika Jeppestown kwa binamu yangu Sifa, msusi. Akanionya mapema: Mwami ni jina tu, anayetawala ni Pasta Elia. Simu za Mwami anapokea yeye, barua za serikali anajibu yeye.

Jumatano, mtaa wa Troyeville. Nilipeleka sufuria ya maharage sebuleni kwa Mwami, wazee watatu wakakaa kama mashahidi. Mwami, mtu mpole ndani ya koti kubwa, akanyoosha mkono. Pasta akakohoa.

“Mama Furaha, Baba Mwami yuko kwenye mfungo.”

“Mpaka lini, Pasta?”

“Mpaka Mungu aseme.”

Mkono ukarudi. Eish, nilichemka! Sifa akaniambia ndivyo ilivyo: kila akija mtu na ombi, mfungo unaanza.

Alhamisi nilirudi, mfungo. Ijumaa, mfungo. Nikazunguka Doornfontein bila kujua naenda wapi, magari yakinipigia honi kwenye robot, taa za barabarani.

Jumamosi asubuhi nilikata tamaa, Sifa akanisindikiza stendi ya mabasi nirudi nyumbani. Mwami akatokea peke yake, kofia imemshukia machoni, akaomba maharage. Nilikuwa nimepika ya njiani. Akala yote amesimama nyuma ya basi, mpaka akalamba kijiko. Nikageuka nimwite Sifa na abiria waje washuhudie, Mwami akanishika mkono.

“Usimwite mtu, mama. Pasta asijue.”

Nililia mpaka tukavuka Limpopo.

Uvira, wenzangu walinipokea kwa swali moja: amekula? Nikawaambia amekula, na namna alivyokula. Nilikwenda nikidhani Pasta ndiye amemfunga mikono; kumbe Mwami huirudisha mwenyewe. Kesho yake tulipanda mihogo kilima kizima, bila kungoja neno la mtu.