Lori Moja la Miji Miwili

Asubuhi lori lilipotolewa karakana, watu wa miji yote miwili walisimama kando ya barabara wakalicheka, na sababu ya kucheka walikuwa nayo. Kichwa chake kilikuwa cha kijani, rangi ya halmashauri ya mji wa juu; bodi ya kubebea taka ilikuwa ya bluu, rangi ya halmashauri ya mji wa bondeni. Lori la juu lilikuwa na injini nzima lakini bodi yake ilioza, ikawa inadondosha maganda njia nzima kama gunia la mtama lililotobolewa na kuku. La bondeni lilikuwa na bodi madhubuti juu ya injini iliyokwisha kukata roho. Fedha kutoka serikali kuu zilipopunguzwa kwa mwaka wa tatu mfululizo, halmashauri hizo mbili zilizokuwa hazisalimiani ziliketi meza moja, na fundi mkuu akaagizwa atoe uhai wa lori moja autie katika mwili wa jingine. Kabla jua halijapanda, wenye maneno yao walikwisha kulipa jina: Ndoa ya Mkeka. Walisema hakuna kati ya wawili hao aliyeomba kuozwa.

Aliyeketi nyuma ya usukani asubuhi hiyo alikuwa Mama Gia, dereva wa mji wa juu, na yeye hakucheka.

Jina hilo hakupewa na wazazi, wala hakuwa na mtoto aitwaye Gia. Walimpa wapakiaji wa taka, kwa kuwa alibadili gia polepole na kwa upole, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Alianza kazi ya halmashauri akiwa mfagiaji. Kila siku alisimama na ufagio wake akilitazama lori likipita, na kila jioni alimsimulia mama yake namna lilivyokata kona. Siku moja alirudi nyumbani akakuta pale ilipokuwa cherehani ya mama pana alama nne tu za miguu ya chuma sakafuni. "Nimechoka kusikia habari za lori," mama yake akamwambia. "Kesho nenda shule ya udereva, ukaniletee habari nyingine." Mama huyo aliishi kwa cherehani ile, na tangu siku hiyo alishona kwa mkono.

Pengine kushona kwa mkono ndiko kulikomchosha macho, pengine ni maradhi tu. Daktari hakusema hivyo wala vile. Nuru ilipungua mwaka hadi mwaka, mpaka ikabaki tofauti ya mchana na usiku. Lakini wakati huo binti alikwisha kuwa dereva, na dereva wa lori la taka alipewa nyumba ya halmashauri, vyumba viwili nyuma ya yadi, ili aweze kutoka alfajiri. Mama alizijua kuta za vyumba hivyo kabla giza halijamfunika, na kwa hiyo hazikumpotea. Alijua kwa kiganja mahali jiko lilipo, kwa unyayo mahali saruji ilipopasuka, kwa sikio kama mlango wa nyuma umefungwa au umeegeshwa. Alipika, alifua, alifungua mlango mwenyewe. Mgeni asiyeambiwa angekaa saa nzima bila kutambua.

Ndiyo maana Mama Gia hakucheka. Makubaliano ya halmashauri yalisema lori moja, dereva mmoja. Kwa mwezi wa majaribio yeye na dereva wa bondeni wangepokezana siku, kisha kamati ya pamoja ingemchagua mmoja, na mwenzake angestaafishwa. Anayestaafishwa anarudisha ufunguo wa nyumba. Mahali pengine pa kupanga palikuwapo, lakini huko mama yake angekuwa kipofu kweli.

Dereva wa bondeni aliitwa Breki. Zamani lori lake lilikuwa halina breki za kuaminika, naye alikuwa akitoa kichwa dirishani kwenye mteremko akipiga kelele, "Breki! Breki!" ili watu wapishe. Breki zilitengenezwa, jina halikutengenezeka. Kwa miaka mingi yeye na Mama Gia walikutana Barabara ya Mpaka tu, ile inayopita sokoni, ambayo upande wake mmoja ni wa juu na wa pili ni wa bondeni. Kila mmoja alizoa upande wake, na walipopishana walitaniana bila huruma.

Asubuhi hiyo Breki alikuwa amesimama mbele ya duka la vyuma, mikono nyuma.

"Mama Gia! Naona mmetoa kichwa, sisi tumetoa tumbo. Sasa nani atashiba?"

"Tumbo lisilo na kichwa ni gunia, kaka yangu."

"Na kichwa kisicho na tumbo?"

"Hicho ni kamati."

Watu wakaangua kicheko, na Breki akacheka kuliko wote. Mama Gia alitia gia akaondoka, na kwa mara ya kwanza moyoni mwake aliona aibu kumtania mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimwombea ashindwe.

Kosa lilifanyika siku hiyo hiyo, na lilikuwa kosa ambalo mgeni hangeweza kulifanya. Walipofika Barabara ya Mpaka, Mama Gia alipita upande wa juu, wapakiaji wakazoa mapipa ya upande wa juu, na walipofika mwisho wa barabara wakakata kona kwenda zao. Hakuna aliyekumbuka upande wa pili. Walikuwa hawajawahi kuugusa maisha yao yote. Kwao mapipa yale yalikuwa kama mapipa ya mtu mwingine ndani ya ua wake. Mwenye duka la vyuma aliwapigia mluzi, wakadhani anawasalimu, wakampungia mkono.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Breki. Naye alizoa upande wa bondeni, akaliacha rundo jipya la upande wa juu, akaenda zake kwa amani. Siku ya tatu ikawa vilevile. Barabara haikuwa chafu kabisa, kwa hiyo hakuna aliyelalamika sana. Ila lori lilikuwa likipita mara mbili palipotakiwa kupitwa mara moja, na si barabara hiyo tu, bali kila kichochoro kinachogusa mpaka. Mafuta ya juma zima yakaisha kabla ya juma kwisha. Shule ya bondeni na zahanati ya juu zikakaa na taka mpaka nzi wakaanza kuingia madarasani na wodini. Waliokuwa wakiipinga ndoa hiyo tangu mwanzo wakasema, "Si tuliwaambia?"

Basi kamati ikaona isingoje mwezi kwisha. Madereva wote wawili wakaitwa.

Kamati ilikutana katika chumba cha nyuma cha maktaba, na mwenyekiti wake alikuwa katibu wa halmashauri ya bondeni, mama mmoja mwenye sauti ya chini aliyezoea kusikilizwa. Mama Gia alifika mapema akaketi kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Alikuwa amevaa gauni lake la kuendea hospitali, na kichwani alikuwa akipanga maneno. Je, aseme habari ya mama yake? Kusema ni kuomba, na yeye hakuwa amewahi kumwomba mtu kitu tangu cherehani ile iondoke. Asiposema, watajuaje?

Breki akaitwa kwanza. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimetoka siku nyingi, na kila neno lilishuka mpaka benchini.

"Mmoja wenu atabaki," katibu akasema. "Tuambie kwa nini uwe wewe."

"Mheshimiwa, nikiwaambia kwa nini nisiwe mimi, nitaruhusiwa kuketi?"

"Keti."

Kiti kikalia.

"Goti langu la kushoto limekwisha," Breki akasema. "Kwa miezi sasa, nikitaka kukanyaga klachi nalisukuma kwa mkono, hivi. Wapakiaji wangu wanajua, wamenifichia. Mteremko wa soko nikiushuka, huwa naomba Mungu. Siwezi kuendelea kuomba Mungu na taka za watu mgongoni."

"Ulitakiwa kutuambia mapema."

"Nilitakiwa, ndiyo. Nina wajukuu wanaokula, mheshimiwa. Mtu hukawia kusema jambo kama hilo." Akakohoa. "Na la pili. Yule mama hapo nje, mkimtoa kazini mnamtoa kwenye nyumba. Mwaka juzi nilikwenda kuazima jeki, mama yake akanimiminia chai. Nimekunywa, nimeaga, nimefika mlangoni ndipo akaniambia, 'Angalia kizingiti, mwanangu, mimi sikioni lakini nakijua.' Nilisimama pale kama mlingoti. Mkimhamisha bibi yule, mtakuwa mmempofusha mara ya pili."

Benchini, Mama Gia alikuwa ameshika mikono yake miwili kama mtu anayezuia kitu kisianguke.

"Unasema hivyo kwa kumhurumia?" katibu akauliza.

"Huruma? Huyu? Mdomo wake ni pilipili. Nasema kwa sababu anaendesha vizuri kuliko mimi, na hata goti langu lilipokuwa zima alikuwa anaendesha vizuri kuliko mimi. Lakini nawaomba, hilo lisifike nje."

Alipotoka, alijishika kwenye mwimo wa mlango, akamtazama, akatabasamu kwa shari.

"Nimekuponda huko ndani, dada. Hata kofia hutaachiwa."

Mama Gia alifungua mdomo. Majibu ya kawaida yalikuwapo, tena mengi. Hakuna hata moja lililotoka. Akainuka akaingia ndani.

Katibu hakumwuliza kwa nini awe yeye. Alimwuliza habari za Barabara ya Mpaka, naye akaeleza kosa kama lilivyokuwa, bila kumsukumia mpakiaji yeyote. Katibu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wenzake. "Tuliunganisha malori," akasema, "njia hatukuziunganisha. Mimi nilidhani wenzetu wa juu wamepanga, wao wakadhani sisi tumepanga. Kosa la madereva ni mtoto wa kosa letu." Ni nadra mkubwa kusema hivyo mbele ya mtumishi, na Mama Gia alilihifadhi neno hilo kwa heshima.

Alibakishwa kazini. Breki alikaa nyumbani majuma kadhaa bila kujua hatima yake, na hapo ndipo watu walipojua uzito wa alilofanya, kwa kuwa alipoingia katika chumba kile hakuwa ameahidiwa chochote. Baadaye kamati ikamrudisha kwa mshahara mdogo zaidi, awe msimamizi wa njia katika yadi ya pamoja. Alipewa meza, kiti, na ramani ya miji miwili iliyobandikwa ukutani bila mstari wa katikati. Si kila mtu aliyepata bahati hiyo. Wapakiaji wawili waliachishwa, na mmoja wao mpaka leo hamsalimu Mama Gia, wala Mama Gia hamlaumu kwa hilo. Lakini taka zilizolewa, shule ikapumua, na halmashauri zile, zilipoona kuwa hakuna aliyekufa kwa kushirikiana, zikaunganisha karakana, kisha bwana afya, kisha gari la zimamoto.

Barua ya kumthibitisha katika nyumba ilipotoka, Mama Gia alimwalika Breki kula chakula cha mchana Jumamosi. Breki alisema ana shughuli. Akaalikwa tena, akasema goti. Mara ya tatu Mama Gia alimwambia, "Aliyekualika si mimi, ni mama," na hapo hakuwa na pa kukimbilia.

Alipobisha hodi, bibi alitoka jikoni peke yake, akapita kati ya meza na kabati bila kugusa hata kimoja, akamfungulia.

"Karibu, mwanangu. Kiti kiko kulia kwako. Kaa, ila usikisogeze."

"Sisogezi hata kidole, mama."

Walikula. Breki alisifu chakula, akalalamikia wajukuu, akalisengenya lori. Bibi alipokwenda kuleta maji ya kunawa, Mama Gia aliinamia meza.

"Kaka, asante."

"Ya chakula? Si mmepika ninyi?"

"Unajua ya nini."

Breki aliupapasa ukingo wa sahani. "Kumbe umeamua kusema leo. Nilijua siku ile ile kwamba umesikia."

"Ulijuaje?"

"Nilikutukana mlangoni ukanyamaza. Miaka yote hiyo, lini umewahi kuninyamazia?"

Mama Gia akacheka, na kicheko kikamtoa machozi, asiyafiche. "Ulikuwa na wajukuu wako wa kuwalisha. Kwa nini?"

"Ningefanyaje, dada? Goti lilikuwa langu, halikuwa lako." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kwa kuwa nyayo za bibi zilikuwa zikirudi, hatua za mtu anayejua aendako. "Na usidhani nitazoea kushukuriwa. Jumatatu ukichelewa kutoka yadi, nakuandikia."

"Niandikie tu," Mama Gia akasema. "Mama, mwongezee chai huyu."

"Nimekwisha kumwongezea kabla sijafuata maji," bibi akajibu, na kweli kikombe cha mgeni kilikuwa kimejaa, pasipo tone mezani.