Babu kanifukuzia wateja leo

Jamani, leo saluni yangu hapa Malvern imebaki tupu kufumba na kufumbua.

Mteja nimemsuka nusu kichwa, kainua macho ukutani, kaona picha ya babu yake baba yangu. Picha ya studio, Tanga ya zamani: koti la kijeshi, mshipi begani, kofia ya manyoya, upanga mkononi.

"Huyu ni Frimasoni!"

Nikasema babu alikuwa kapteni wa chama cha ngoma ya beni, ile ya kuiga bendi za askari, ndiyo mavazi yao. Upanga wenyewe wa mbao!

Nani anisikilize? Wote nje. Yule na nusu kichwa chake.

Picha hiyo ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho Alexandra mwaka ule wenyeji walipotuchomea vibanda sisi wageni.

Jioni kaja Mama Desire, shoga yangu Mrundi. Nikajua kaja kunipa pole.

Kafunga mlango. Kapiga magoti mbele ya picha.

"Dada, na mimi uniingize. Watoto wanalala njaa."

Nikamwapia hakuna chama cha utajiri. Akalia: "Hata wewe unaninyima?" Kaondoka, simu hapokei.

Eish. Mnaotujua wote wawili, mwambieni. Babu angekuwa na utajiri wa kugawa, si angeanza na mimi?