Giza Moja la Dagaa na Mishahara Miwili

Mtu akikutajia mshahara wake bila kuulizwa, kata nusu. Akikataa kuutaja, ujue ana mkopo. Hayo nimeyajua uzeeni, baada ya kuuliza mishahara ya watu Pasiansi nzima, hapa Mwanza, mpaka wakaanza kubadilisha njia wakiniona natoka kanisani.

Sikuwa na umbea. Nilikuwa na mjukuu mwenye barua mbili.

Huyo mjukuu nimemlea tangu ana miaka mitatu, mama yake alipoolewa mara ya pili akaenda Shinyanga na mume asiyetaka mtoto wa mtu. Nikamsomesha kwa dagaa. Wengine wanasomesha kwa kahawa, wengine kwa ng'ombe, mimi nimesomesha kwa kisamaki kisichozidi kidole changu kidogo. Alimaliza chuo, mambo ya maabara, kupima damu na vile vingine ambavyo watu hubeba kwenye vichupa huku wanaangalia chini. Akarudi nyumbani na cheti. Akakaa mwaka na nusu. Asubuhi tunakwenda wote mwaloni Igombe, mimi nanunua dagaa kwa ndoo mitumbwi ikifika, yeye anawageuza juani. Watu wanampitia wanamuuliza, "Cheti nacho utakianika lini?"

Halafu, katika wiki moja, barua mbili. Moja ya serikali: kituo cha afya Rukwa, kijiji kilichoko kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, laki saba na kidogo, na nyumba ya kukaa. Nyingine ya hospitali ya watu binafsi Dar es Salaam: milioni moja kasoro kidogo, nyumba ujitafutie. Dar walitaka jibu Ijumaa. Barua ya pili ilifika Jumamosi, kwa hiyo nilikuwa na siku sita za kuwa mtaalamu wa mishahara, mimi mtu wa darasa la nne.

Nilianza na mwanangu wa kiume, mjomba wake huyo binti, ambaye yuko Dar kwenye ofisi ya kampuni fulani na huwa ananitumia picha zake amevaa tai.

"Mama, Rukwa atazeekea kule," akasema kwenye simu. "Aje huku. Atakaa kwetu, hatalipa kodi. Jioni atatusaidia kuangalia watoto."

"Wewe unapata ngapi?"

Akakohoa. "Mama, hayo mambo hayaulizwi."

"Nimekutawaza miaka mitatu sikuona siri. Leo ndiyo umepata ya kunificha?"

Akataja milioni moja na laki mbili. Nikamuuliza hiyo ni mkononi au ni ile ya kwenye karatasi. Akasema ya karatasi. Mkononi ikawa imepungua, kukawa na mkopo wa benki, kodi ya nyumba ya miezi sita kwa mpigo, nauli ya watoto ya gari la shule. Kila nilipouliza, ile milioni ilipungua kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni.

"Na mboga?" nikamuuliza.

"Mboga gani tena?"

Hapo nieleze, maana hata mwanangu mwenyewe alikuwa amesahau. Mwaloni kwetu hakuna mtu anayefanya kazi kwa pesa peke yake. Aliyebeba ndoo, aliyegeuza dagaa, hata bibi aliyekaa tu kufukuza ndege, akiondoka anaondoka na bakuli la dagaa. Hiyo inaitwa mboga. Haihesabiwi kwenye ujira na haiombwi. Tajiri akikunyima mboga, wiki ijayo atageuza dagaa wake mwenyewe. Kwa hiyo kwangu mimi, kazi ni pesa na mboga, na ukinitajia pesa tu umenitajia nusu ya kazi.

"Ukitoka kazini unaondoka na nini?" nikamfafanulia.

Akafikiri kweli, namsifu kwa hilo. "Kalenda," akasema. "Mwisho wa mwaka."

Jumapili baada ya ibada nilimchukua mjukuu wangu tukaenda Buswelu kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa Kihaya, mtu wa heshima, nyumba yake ina pazia hadi chooni. Alifundisha mikoa mitano, Rukwa ikiwemo. Mjukuu wangu akampa shikamoo, yeye akaitikia marahaba, akatuletea chai na ndizi za kuchemsha, akataka tuongee habari za kwaya. Nikamwambia kwaya itasubiri, ulikuwa unalipwa ngapi.

"Mama, sisi hatukuwa tunataja mshahara hata kwa waume zetu."

"Ndiyo maana wameishi sana."

Akacheka, pozi likamtoka. Alituambia jambo ambalo sikuwa nalijua: kwamba serikali inamlipa mwalimu wa mjini na mwalimu wa porini sawasawa. Mshahara ni ule ule. Ila Dar alikaa chumba kimoja na watoto watatu, na tarehe kumi na tano alikuwa anakopa sukari. Rukwa alinunua mahindi gunia zima kwa pesa ambayo Dar ilimpa ndoo, na hicho kiwanja tulichokalia alikinunua akiwa kule.

"Lakini Rukwa nililia mwaka mzima," akaongeza. "Hiyo nayo muiweke kwenye hesabu."

Njiani kurudi nikamuuliza mjukuu wangu anaonaje, akasema anafikiria. Sikupenda alivyosema.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Ilikuwa Agosti, jua linachoma mpaka mawe yananuka, na giza lilikuwa linaisha. Sisi watu wa dagaa mwezi wetu haufuati kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inalala na sisi tunalala. Zile wiki za kazi tunaziita giza. Hatusemi mwezi huu nimepata kadhaa, tunasema giza hili.

Jumatano asubuhi lori la soko la Kirumba likaja kuchukua magunia yangu. Nikalipwa. Wanawake wote walikuwa pale na reki zao za kugeuzia dagaa, na mimi, kichwa kimejaa mishahara ya watu, nikashindwa kufunga mdomo.

"Giza hili nimeshika laki tisa," nikasema. "Laki tisa, bila kuvaa viatu. Kuna mtu amesoma miaka kumi na sita serikali inataka kumpa laki saba. Na hao wa Dar milioni yao ikishachinjwa inabaki ngozi."

Mama mmoja akasema, "Basi bibi, uajiriwe wewe."

"Waniajiri wakati wa mbalamwezi. Giza nina kazi."

Wakacheka mpaka wakaegemea reki. Nami nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimeongea vizuri. Mjukuu wangu alikuwa hatua kumi kutoka pale, anageuza dagaa. Hakucheka. Aliendelea kugeuza, mstari kwa mstari.

Mchana tulipokula, akanawa mikono, akaifuta taratibu kidole kimoja kimoja, akasema, "Bibi, nimeamua. Sijibu barua yoyote. Nabaki. Tuongeze vichanja, mimi nitafute wateja kwa simu. Si umesema mwenyewe dagaa wanalipa kuliko Rukwa na Dar?"

Nikarudisha tonge la ugali kwenye sahani.

Mjue kwamba nilianza kuanika dagaa ili huyu mtoto asianike dagaa. Hakukuwa na sababu nyingine. Sekondari wenzake walikuwa wanaziba pua akikaa, akawa anafua sare kwa sabuni mbili, ya mche na ile ya kuogea, na hakuwahi kunilalamikia. Niliijua hiyo habari kwa jirani. Sasa amesoma, ana cheti, ana barua mbili, na mimi kwa mdomo wangu mwenyewe nimemrudisha kwenye reki. Na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Alhamisi sikwenda mwaloni. Nilimwambia akae. Kulikuwa na njia moja tu ya kumtoa pale nilipomweka, na njia hiyo sikuipenda, kwa sababu katika mwalo ule mimi ndiye bibi mwenye pesa. Watu wanakuja kwangu kukopa. Wanaosha mikono kabla ya kunisalimia. Jina hilo nililijenga kwa kutosema mambo fulani.

"Giza nililotaja jana ni la Agosti," nikamwambia. "Hukunisikia nikitaja la Aprili."

Akaniangalia.

Nikamwambia Aprili mvua ya saa moja inanyesha juu ya dagaa walioanikwa, wanageuka uji, na uji huo wananunua watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kukutukana. Kuna mwaka kuku wa watu walikula ada yake ya muhula mzima. Nikamwambia katika zile laki tisa sikutoa za wageuzaji, wala za lori, wala za yule mwenye eneo. Na kwamba mbalamwezi silipwi na mtu yeyote, nakula nilichobakiza, na miaka mingine sikubakiza. Nikamwambia na habari ya mabati.

"Yale yaliyoibwa," akasema.

"Hayakuibwa. Niliyauza. Mwaka wako wa pili chuoni."

"Najua, bibi. Nilimwona aliyeyanunua anaezeka nayo. Yana ile alama yako ya rangi nyekundu."

Nyumba hiyo ni ya tatu kutoka kwetu. Miaka mitatu nimepita chini ya mabati yangu nikimsimulia mtoto habari za wezi.

"Tangu darasa la tano mimi ndiye nakuandikia hesabu zako," akaendelea. "Aprili naijua kuliko wewe."

"Sasa kama unaijua, unabaki kufanya nini?"

"Nilikuwa sibaki." Sauti yake ilikuwa ya chini, na huyu mtoto akishusha sauti ni afadhali apige kelele. "Mwaka na nusu nimegeuza dagaa watu wakiniuliza cheti nitakianika lini. Nikajibu salama, nikageuza. Leo nimepata kazi. Wewe, wewe bibi, unasimama katikati ya mwalo unaishindanisha na dagaa, na unaishinda. Nilitaka nione kama utayasema haya kwa mdomo wako, au utaniacha nibaki ili usiyaseme."

Nikamwambia chai inapoa, na hapakuwa na chai.

Baadaye ndiyo nikamuuliza, kwa adabu safari hii, anachagua ipi.

"Rukwa."

"Dar ni pesa zaidi."

"Dar ni maabara mchana na watoto wa mjomba jioni. Na hiyo ya jioni haina mboga."

Hapo nilijua kwamba nimemlea mimi.

Ijumaa akawaandikia wa Dar kuwashukuru. Mimi nikaenda mwaloni mapema, nikasubiri wanawake wajae, nikasema kwa sauti ile ile ya Jumatano: "Laki tisa niliyowatajia ilikuwa ya jua, na haikuwa imekatwa chochote. Mjukuu wangu anakwenda Rukwa kulipwa na serikali, mvua inyeshe isinyeshe, mwezi uwe mkubwa uwe mdogo. Mimi sijawahi kulipwa hivyo hata siku moja."

Nilitegemea wacheke. Yule mama aliyetaka niajiriwe akaendelea kupanga dagaa wake. "Sisi tulikuwa tunajua, bibi," akasema. "Na sisi tuko hapa Aprili."

Ameshaondoka miezi kadhaa sasa. Mshahara wa kwanza ulipoingia alinipigia. Nikamuuliza maji, nikamuuliza nyumba, nikamuuliza kama analia. Akasema analia Jumapili tu. Nikauliza kile ninachouliza watu wote.

"Na mboga?"

Akasita. "Bibi, huku nako kuna dagaa. Jumamosi sikuwa na zamu, nikamsaidia jirani kugeuza. Akanipa bakuli."

"Ni watamu?"

"Wa kawaida tu."

Alikuwa ananidanganya, na alidanganya vizuri, kama mtu aliyefundishwa nyumbani. Dagaa wa Tanganyika nawajua. Kirumba wanakaa kwenye meza yao, wamepangwa kama dhahabu, na kilo yao inanunua kilo zangu kadhaa. Miaka yote nikipita pale nageuza shingo upande wa pili.

Nikamwambia anitumie debe moja kwa basi. Akauliza kama nataka kuuza. Nikamwambia asinifundishe kazi.

Walipofika walikuwa wameshakauka tangu kwao, hawana haja na jua la Mwanza. Niliwaanika hivyo hivyo, kwenye kichanja cha mbele karibu na njia, nikakaa pembeni na reki yangu, nikingoja mpita njia wa kwanza aulize wale ni dagaa wa nani.