Baridi Iliyotoka Kitabuni

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano pale Ndandalo, wilayani Kyela, kazi yangu wakati wa mavuno ya kakao haikuwa kupasua wala kuanika. Ilikuwa kusoma. Baba Mkubwa Ambakisye, kaka yake marehemu baba yangu, aliwaalika majirani waje kumsaidia kupasua, na kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kukaa chini na kurudia jambo lile lile mpaka mgongo ulalamike, aliniweka kwenye kigoda katikati yao niwasomee hadithi. Wenzangu wa rika langu walibeba maganda kwenda kuyatupa. Mimi nililishwa ndizi za kuchoma ili sauti isikauke. Walinichukia, na walikuwa na haki.

Baba Mkubwa lazima nimweleze vizuri, maana kila nikisimulia habari hii watu hukimbilia kumwona shetani. Hakuwa shetani. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kucheka kwa tumbo zima, na ndiye aliyemwambia kila mgeni kwamba binti wa mdogo wake anasoma kama redio. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyesimamia msiba wote, kuanzia jeneza hadi sahani za wali. Tatizo ni kwamba matanga yalipokwisha hakuacha kusimamia. Baba na mama walikuwa wamepanda shamba la kakao pamoja, mche kwa mche, mama akiwa na mimba yangu. Msimu ulipofika, mavuno ya shamba hilo yakaenda uani kwa Baba Mkubwa. Mama alibakiwa na kipande cha mpunga kule bondeni na jibu moja: kakao ni mali ya ukoo, inamngoja mtoto wa kiume. Mtoto wa kiume hakuwepo. Tulikuwa mimi na mdogo wangu Neema, na baba alikuwa ameshalala kaburini, kwa hiyo sijui walikuwa wanamngoja nani.

Majirani waliliona jambo hilo kama wanavyoliona jua. Walikuja, wakala wali na samaki wa mbasa wa Baba Mkubwa, wakashukuru, wakaenda zao.

Hapa ndipo inapoingia habari ya baridi. Wazee wetu waliamini, na nikisema waliamini msidhani wameacha, kwamba mtu akimdhulumu ndugu yake hahitaji kurogwa na yeyote. Majirani wakikaa wakanung'unika, wakasema kwa sauti ya chini kwamba fulani amefanya vibaya, pumzi zao hukutana na kuwa baridi. Wenyewe huiita imbepo. Humfuata mkosaji hadi kitandani akatetemeka hata katika mwezi wa joto, na joto la Kyela si la kutania. Asiye na kosa haimgusi. Dawa ni moja tu: kosa litajwe mbele ya watu na lirekebishwe, kisha walionung'unika wachukue maji mdomoni wayapulize chini, kuonyesha kwamba mioyo imetulia.

Bibi yangu, aliyewazaa baba na Baba Mkubwa, alikuwa akiishi kwa huyo mwanawe mkubwa. Siku moja nikiwa nampelekea mboga nilimsikia akimwambia, "Ambakisye, majirani zako siku hizi wanakula kimya mno. Rudisha kitu cha watu kabla midomo haijafunguka."

Baba Mkubwa alicheka. "Mama, hao wameshiba tu."

Mimi nilitamani midomo ifunguke upesi. Tulipokuwa tukipalilia mpunga nilimuuliza mama kwa nini asiende nyumba kwa nyumba akaeleza alivyodhulumiwa, watu wapate cha kunung'unikia. Mama aliacha kupalilia, akanyoosha kiuno. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Wakinung'unika akafa, nitapata nini?"

"Atakuwa amekoma."

"Mimi sitaki akome, Tusekile. Sitaki afe. Nataka shamba langu."

Kisha akainama akaendelea na magugu. Nilimwona mjinga siku ile. Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, nami nashangaa alipata wapi akili iliyotulia hivyo, akiwa mjane mwenye watoto wawili na matope mpaka magotini.

Kitabu nilichowasomea msimu ule nilipewa na mwalimu wetu wa Kiswahili. Hakikuwa na jalada, kwa hiyo mpaka leo simjui aliyekiandika, na nimemtafuta. Kilihusu mjane wa nchi fulani ya milima. Yeye na mumewe walichimba kisima kwa mikono yao, mume akafa, shemeji akakifunika kisima kwa mbao na kuweka kufuli. Kila asubuhi mjane alikwenda na ndoo yake kuomba maji ya kisima alichokichimba mwenyewe. Nilisoma kurasa za mwanzo njiani nikirudi nyumbani, nikaanza kutembea taratibu, mwishowe nikasimama kabisa pembeni mwa njia. Sitajifanya malaika: nilijua ninachobeba, na nilikipeleka kigodani kwa makusudi. Sijutii.

Siku ya kupasua, uani kwa Baba Mkubwa palijaa watu. Mama naye alikuwepo, maana kazi ya ndugu haikwepwi. Alikaa pembeni akigonga kakao zilizotoka kwenye miti yake mwenyewe, akizichopoa zile mbegu zenye utelezi mweupe na kuzitupa kwenye majani ya mgomba. Nilianza kusoma. Walicheka vichekesho vya kurasa za mwanzo. Mjane alipofika na ndoo mara ya kwanza, vicheko vikapungua. Shemeji alipomwambia asubiri kwanza ng'ombe wanywe, sauti za kugonga zikaanza kukatika, na mimi nikapaza yangu.

"Mtu gani huyo," akasema Mama Lugano, jirani yetu wa karibu, mwanamke mwenye ulimi usiojua kupumzika. "Mke wa mdogo wake kabisa."

"Hana haya," akasema mwingine.

"Na maji anayanywa, yanapita kooni."

Yakaanzia hapo. Manung'uniko yale sikuwahi kuyasikia kabla, ya chini chini, yakizunguka duara lote, watu wazima wamekunja nyuso kwa ajili ya mwanamke wa karatasi. Na aliyenung'unika kuliko wote alikuwa Baba Mkubwa. Alitupa ganda kwa hasira, akasema mtu wa namna ile angekuwa kwetu angetetemeka mpaka mifupa igongane. "Angeipata baridi yake," alisema. Wote wakaitikia, "Ena." Mama hakuitikia. Aliendelea kugonga kakao, na nilipomtazama aliniinulia nyusi niendelee.

Kabla hata kakao ile haijatolewa kwenye majani ilikovundikwa ili ianikwe, Baba Mkubwa alianza kutetemeka.

Walimpeleka zahanati, wakampima, wakampa dawa za malaria. Alizimeza. Baridi ikatulia mchana, ikarudi jioni. Alifunikwa blanketi juu ya blanketi huku sisi wengine tukijipepea kwa vipande vya boksi. Neema alitumwa ampelekee uji, akarudi mbio akisema meno ya Baba Mkubwa yanapiga kelele. Hapo Bibi hakungoja tena. Asubuhi moja aliwaita wote waliokuwepo siku ya kupasua, akaweka chungu cha maji katikati ya uwanja, kile chungu kikubwa kilicholetwa kwa mtumbwi kutoka Lyulilo, akawauliza bila hata kukaa.

"Nani kati yenu amemnung'unikia mwanangu?"

Watu wakatazamana. Mama Lugano ndiye aliyejibu. "Mama, mwanao hatukumnung'unikia. Kunung'unika tulinung'unika, lakini ni yule shemeji wa kwenye kitabu. Hata Ambakisye mwenyewe alinung'unika naye."

"Yule wa kwenye kitabu anakaa wapi?"

"Hatujui, Mama."

"Mnaufahamu mlango wake?"

"Hapana."

"Sasa mlitaka pumzi zote zile ziende wapi?" akauliza Bibi.

Hakuna aliyetaja kakao. Hakuna aliyetaja jina la mama. Lakini vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine, vikamtazama mama aliyekuwa amekaa ukingoni na Neema miguuni pake. Kwa msimu mzima walikuwa wamemwona na kujifanya hawamwoni, na sasa walikuwa wanamwona. Nilihisi machozi yananijia, na yalikuwa ya furaha, ingawa hatukuwa tumepata kitu chochote bado.

Ndipo sauti ya Baba Mkubwa ikatoka ndani, dhaifu. "Tusekile aje na kitabu. Kile kisa hakikuisha."

Nilikwenda kukichukua. Nilipopita karibu na Mama Lugano alinishika mkono akaninong'oneza, "Mwambie yule shemeji alikufa." Na mimi nilikuwa nimeshaliwaza hilo, maana nilikuwa nimekimaliza kitabu peke yangu na nilijua kwamba shemeji hafi. Nilimtazama mama. Alikuwa amesikia.

"Soma kilichoandikwa," alisema.

Nikakaa kando ya kitanda, mlango wazi, watu wa nje wametega masikio. Nikasoma kilichoandikwa. Mjane alichoka kuomba. Aliwachukua watoto wake akavuka mlima, akakaribishwa na watu wa bonde jingine, wakachimba naye kisima kipya. Shemeji akabaki na kisima chake. Maji yalikuwa safi, mengi, baridi. Akafungua kufuli, akakaa pale kila asubuhi akingoja mtu aje na ndoo, hata kama ni kuja kugombana, na mtu hakuja. Hapo kitabu kiliishia.

"Ndiyo mwisho?" akauliza Baba Mkubwa.

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Hakupata ugonjwa?"

"Haijaandikwa."

"Hawakumfunga?"

"Haijaandikwa hivyo."

Blanketi lilikuwa likitetemeka begani. Nadhani alikuwa amejiandaa kusikia adhabu, na adhabu mtu anaweza kuivumilia. Hakuwa amejiandaa kwa kile kimya cha kisimani.

"Mama yako yupo hapo nje?"

"Yupo. Amekaa."

"Basi hajaondoka," alisema. "Nisaidie niinuke."

Alitoka na blanketi zake kama mtu aliyehama na nyumba nzima. Akasimama mbele ya chungu, akamtazama mama, akasema kwamba shamba la kakao ni lake. Alisema kwa sauti ndogo. Watu wakaguna kwa kuridhika, Bibi akaanza kuchota maji, na mimi nilidhani yamekwisha. Mama akasimama.

"Shemeji, sijasikia. Ni langu kuanzia wapi mpaka wapi?"

"Kuanzia kijitoni," akasema Baba Mkubwa, "mpaka kwenye mparachichi."

"Na nikifa?"

Pale palikuwa na wanaume waliokohoa. Baba Mkubwa aliangalia chini, kisha akaniangalia mimi niliyekuwa nimemshika kiwiko. "Ukifa ni la Tusekile na Neema. Mmesikia wote. Na aje mtu aniambie ukoo umesema vingine."

"Ndaga," akasema mama. Ni neno dogo, la kushukuru, tunalitumia hata tukipokea kikombe cha maji. Sijawahi kulisikia likiwa zito vile.

Walipuliza maji mmoja mmoja. Mama Lugano alipuliza kwa nguvu mpaka akamlowesha jirani yake. Baba Mkubwa naye akapuliza, kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, alijinung'unikia kuliko walivyomnung'unikia wote, na hapo watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Mama alikuwa wa mwisho. Alisema yeye hakunung'unika, lakini atapuliza asije akaulizwa baadaye. Alipomaliza alifuta midomo kwa upande wa khanga, akamwambia Baba Mkubwa kakao iliyoko kwenye majani inahitaji kugeuzwa na kwamba yeye mwenyewe ataigeuza. Baridi haikurudi. Siku chache baadaye Baba Mkubwa alikuwa akiwafokea kuku kama kawaida yake.

Leo mimi ni muuguzi, na najua mambo ya malaria kuliko ninavyotaka kujua. Najua homa hupanda na kushuka. Najua vidonge havifanyi kazi siku ya kwanza. Wenzangu kazini wakisikia kisa hiki hunieleza yote hayo kwa upole, kana kwamba mimi sijayasoma, nami huwaacha wamalize. Sibishani nao kuhusu kilichomponya Baba Mkubwa. Mimi najiuliza jambo jingine: ilikuwaje watu wema, watu wa sala, wakamtazama mama yangu msimu mzima na kumeza kimya pamoja na wali, kisha wakamlilia mwanamke wa kitabuni mbele ya Baba Mkubwa mwenyewe? Jibu nililolipata ni kwamba mama walikuwa wamemzoea, na Baba Mkubwa walimwogopa. Yule mjane wa milimani hawakuwa wamemzoea, na shemeji yake hawakumwogopa. Kitabu kiliwafungua midomo kwanza, ndipo macho yakafuata.

Jumamosi nisipokuwa zamu nasoma na kikundi cha akina mama kule Ikolo. Tunasoma riwaya za watu walioonewa, tunagombana kweli kweli kuhusu nani ana kosa, na mara nyingi mtu mmoja hunyamaza ghafla katikati ya ugomvi, nami hujua amekutana na mtu wa nyumbani kwake. Hivi karibuni diwani mmoja kijana aliniuliza, kwa heshima zote, kama hadithi za kubuni zimewahi kumsaidia mtu yeyote wilaya hii. Nilimjibu kwamba kuhusu vitabu vingine sina ushahidi, lakini kimoja kilimrudishia mama yangu shamba, kuanzia kijitoni mpaka kwenye mparachichi, na kakao ya shamba hilo ndiyo iliyonisomesha mimi na Neema.